Shelisheli: Nchi Ndogo Katikati ya Wakubwa

(Haya ni mazungumzo tuliyoyafanya na wanakisomo wa Lugoba, wilaya ya Bagamoyo. Tunayachapa hapa ili wanakisomo wa vijiji vingine nao wayasome na kuyajadili.)

 

Leo tumekuja kujibu swali moja. Swali lenyewe ni hili: Nchi ndogo isiyo na nguvu, ikiwa katikati ya mataifa makubwa yanayogombana, hufanya nini ili isiangamie? Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini nyasi nazo zina akili yake. Tembo hupita, na nyasi huota tena. Basi leo tutazitazama nyasi.

Nchi tutakayoizungumzia ni Shelisheli. Jina hilo si geni kwetu. Sisi watu wa pwani tunalijua tunda la shelisheli. Tunalichemsha, tunalikaanga, tunalipika kwa nazi, na watoto wanashiba. Tunda na nchi vina jina moja.

Nchi yenyewe iko wapi?

Mtu akisimama ufukoni Bagamoyo, akatazama jua linakotoka, mbele yake ni bahari tu. Akisafiri kwa chombo kuelekea huko, akaacha Unguja nyuma, akaenda zaidi ya kilometa 1,500, ndipo atafika Shelisheli. Ni visiwa 115. Vingine ni vya mawe na milima, vingine ni mchanga mtupu. Kisiwa kikubwa kinaitwa Mahé, na ndipo ulipo mji mkuu, Victoria.

Ardhi ya visiwa vyote ikijumlishwa ni kama kilometa za mraba 455. Haifiki theluthi moja ya kisiwa cha Unguja. Watu wake nao ni wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu laki moja na kidogo. Lakini bahari yao ni kubwa mno. Eneo la bahari wanaloruhusiwa kulitumia wao peke yao, kwa sheria za dunia, linapita kilometa za mraba milioni moja. Kwa hiyo ni shamba kubwa lenye walinzi wachache. Lishikeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Nchi hii haifungamani na upande wowote. Maana yake nini? Tuseme majirani wawili wanagombea mpaka wa shamba. Kila mmoja anakuja kwako jioni anakwambia, "Ukae upande wangu." Wewe unajibu, "Nyote ni majirani zangu. Nitamsalimu huyu na nitamsalimu yule. Shoka langu simwazimi mtu wa kumkata mwenzake." Huko ndiko kutofungamana. Ni rahisi kulisema hilo. Kulitenda ni kazi, hasa kama majirani hao wawili wana mapanga na wewe una jembe tu.

Bendera mbili za mzee Quinssy

Zamani visiwa hivyo havikuwa na watu. Wafaransa walivitangaza kuwa mali yao mwaka 1756, na wakaanza kupeleka watu wa kukaa mwaka 1770. Waliokwenda walikuwa masetla wachache na watumwa wao.

Mwaka 1794 Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani. Mwezi Mei mwaka huo manowari za Waingereza zilitokea mbele ya Mahé. Mkuu wao aliitwa Henry Newcome. Alikuwa na mizinga mingi na watu zaidi ya elfu moja. Mtawala wa visiwa alikuwa Mfaransa aitwaye Jean-Baptiste Quéau de Quinssy. Yeye hakuwa na watu hata mia moja wa kushika bunduki. Newcome akatuma ujumbe: Salimuni amri.

Sasa sikilizeni alichokifanya. Hakupigana, maana angeua watu wake bure. Wala hakukimbilia msituni. Aliketi akaandika mkataba. Alikubali kusalimu amri, lakini akaomba mali za watu zisiguswe na maisha yao yaendelee kama kawaida. Waingereza wakakubali. Hawakuacha hata askari wa kukaa pale, maana kisiwa kilikuwa mbali na hakikuwa na faida kubwa kwao. Wakachukua walichokihitaji, wakatweka matanga, wakaondoka.

Baada ya hapo zikija meli za Waingereza, Quinssy alisalimu amri tena na kuwakumbusha mkataba. Zikija meli za Wafaransa, bendera ya Ufaransa ilipanda mlingotini. Alifanya hivyo mara kadhaa kwa muda wa miaka kumi na saba. Vyombo vya Shelisheli vilipewa bendera yao, iliyoandikwa kwamba visiwa vimesalimu amri, na kwa bendera hiyo vilipita katikati ya manowari za Waingereza bila kukamatwa. Biashara ikastawi. Wakubwa walipigana, na visiwa vikawauzia wote wawili maji na chakula.

Haina maana kwamba vita havikufika. Mwaka 1801 manowari ya Kifaransa iitwayo Chiffonne ilileta Mahé watu waliofukuzwa Ufaransa kwa ajili ya siasa. Kabla haijaondoka, mwezi Agosti, manowari ya Kiingereza, Sybille, iliingia bandarini, zikapigana, na Chiffonne ikatekwa. Mwezi uliofuata meli nyingine mbili za mataifa hayo zikapigana pale pale. Wenyeji walikuwa nchi kavu wakitazama mizinga ikilia, kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikiungua.

Mwaka 1811 Waingereza wakaja kukaa moja kwa moja. Mwaka 1814, kwa mkataba uliotiwa sahihi Paris, Shelisheli ikawa yao. Na Quinssy je? Waingereza walimpa kazi ya uhakimu. Alikaa Mahé hadi alipofariki mwaka 1827.

Wengine humwita mtu huyo mwerevu, na wengine humwita kigeugeu. Sisi tunasema aliokoa roho za watu kwa kalamu. Lakini kuna jambo lazima tuliseme wazi, tusije tukasifu nusu na kuficha nusu. Hesabu iliyofanywa mwaka 1803 ilionyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi visiwani humo walikuwa watumwa. Wengi wao walitoka pwani hii ya Afrika ya Mashariki na Bukini. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alikuwa amefanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka. Basi amani ya Quinssy ilikuwa amani ya mabwana. Mtumwa aliyekuwa akilima pamba chini ya jua hakuulizwa bendera gani ipande. Kwake zote mbili zilikuwa sawa.

Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1835. Kuanzia mwaka 1861 manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa yaliyotoka pwani yetu, na watu zaidi ya elfu mbili wakashushwa Shelisheli wakiwa huru. Kwa hiyo wengi wa watu wa nchi ile ni ndugu zetu wa damu.

Kisiwa cha gereza

Mkoloni naye aliuona umbali wa visiwa hivyo, akavifanya gereza lisilo na ukuta. Mfalme ambaye hakutaka kutawaliwa alipelekwa huko. Mwaka 1899 walikamatwa Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, na baadaye wakapelekwa huko. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini alifariki njiani, Jinja, kabla ya kuiona nchi yake. Mfalme Prempeh wa Asante, katika nchi ambayo leo ni Ghana, alikaa huko tangu mwaka 1900 hadi mwaka 1924.

Na yupo mmoja wa karibu zaidi nasi. Mnakumbuka vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896? Manowari za Waingereza zililipiga jumba la Sultani, na vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Watu wapatao 500 upande wa Unguja waliuawa au kujeruhiwa. Aliyetaka usultani siku ile, Sayyid Khalid bin Barghash, alikimbilia kwa Wajerumani, wakamleta Dar es Salaam. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimkamata, wakampeleka Saint Helena na Shelisheli. Baadaye walimruhusu kurudi Afrika ya Mashariki, naye akafariki Mombasa mwaka 1927.

Walioletwa kufa kwetu

Sasa tunafika mahali pa kusikitisha.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoingia nchi hii, Wajerumani upande mmoja na Waingereza upande wa pili, mizigo yote ilibebwa vichwani. Hapakuwa na magari ya kutosha, na ng'ombe na punda waliuawa na ndorobo. Wazee wetu wa Bagamoyo, Chalinze na bara yote walikamatwa kuwa wapagazi. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mji wa Bagamoyo wenyewe ulitekwa na Waingereza mwezi Agosti 1916, baada ya kupigwa mizinga kutoka baharini.

Wapagazi wa hapa hawakutosha. Waingereza wakatafuta wengine katika makoloni yao. Mwishoni mwa mwaka 1916 wanaume karibu 800 waliandikishwa Shelisheli, wakapakiwa melini, wakaletwa Afrika ya Mashariki. Katika nchi ndogo namna ile, hao ni watu wengi mno. Ni kama kuchukua vijana wote wenye nguvu kutoka vijiji kadhaa kwa siku moja.

Kumbukeni kwamba Shelisheli haina mbu wanaoleta malaria. Watu wale miili yao haikuwahi kuijua homa hiyo. Waliingia katika mabonde yetu wakati wa masika. Malaria ikawapata. Kuhara damu kukawapata. Chakula kikawa kibaya, miguu ikavimba. Kwa muda wa miezi michache tu, zaidi ya 200 kati yao walikuwa wamekufa. Waliobaki walirudishwa kwao mwaka 1917, wengi wakiwa wagonjwa.

Hawakuuawa kwa risasi za Wajerumani. Waliuawa na mzigo, njaa na homa. Nani aliwauliza kama wanataka vita hivyo? Hakuna. Ardhi ilikuwa yetu, wabebaji walikuwa wao na sisi, na ugomvi ulikuwa wa Ulaya. Katika Vita Kuu ya Pili waliitwa tena, wakapelekwa Misri na Libya kufanya kazi nyuma ya majeshi.

Kwa hiyo, ndugu wanakisomo, tofauti ya Quinssy na wapagazi ni hii. Quinssy aliweza kujadiliana, maana kauli ilikuwa mikononi mwake. Wale wapagazi hawakuwa na kauli. Mtu asiye na kauli juu ya nchi yake hawezi kuwa nje ya vita. Ataingizwa tu.

Uhuru na uwanja wa ndege

Mwaka 1965 Waingereza walivitenga visiwa vitatu vya Shelisheli, yaani Aldabra, Farquhar na Desroches. Waliviunganisha na visiwa vya Chagos kuwa koloni jipya, kwa ajili ya mipango ya kijeshi pamoja na Marekani. Wakazi wa Chagos waliondolewa makwao, na Marekani ikajenga kambi kubwa ya jeshi kisiwani Diego Garcia. Kama malipo, Waingereza waliwajengea watu wa Shelisheli uwanja wa ndege Mahé, ulioanza kutumika mwaka 1971. Kabla ya hapo mtu alikwenda kwa meli tu, kutoka Mombasa.

Shelisheli ilipata uhuru tarehe 29 Juni 1976, na siku hiyo visiwa vile vitatu vilirudishwa. Rais wa kwanza alikuwa James Mancham, na Waziri Mkuu alikuwa France-Albert René. Nchi ilijiunga na Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Haikuwa na jeshi. Ilikuwa na polisi tu.

Haikupita hata mwaka mmoja. Tarehe 5 Juni 1977, Mancham akiwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, kundi dogo la watu wenye silaha liliteka kituo cha polisi na sehemu nyingine muhimu. René akawa rais. Baadhi ya watu waliofanya mapinduzi hayo walikuwa wamefunzwa hapa Tanzania. Tunalisema hili wazi kwa sababu ni historia, na historia haichagui ya kupendeza tu. Baada ya hapo jeshi likaundwa, na askari wa Tanzania wakaenda kulifundisha na kusaidia ulinzi. Kuanzia mwaka 1979 nchi ikawa na chama kimoja.

Hata hivyo kwa mambo ya nje René alitembea katikati. Meli za kivita za Urusi ya wakati ule zilitia nanga Victoria. Wakati huo huo Marekani ilikuwa na kituo chake cha kufuatilia setilaiti juu ya mlima wa Mahé, kilichojengwa mwaka 1963, nayo ikalipa kodi ya pango. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1996 tu. Mmoja anapanda mlimani, mwingine anatia nanga bandarini, na mwenye nyumba anapokea kodi. Mwaona mafunzo ya Quinssy?

Begi lililofunguliwa

Sasa tuwaeleze kisa cha tarehe 25 Novemba 1981.

Jioni ya siku hiyo ndege ya shirika la Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini, ilitua Mahé. Ndani yake mlikuwa na wanaume zaidi ya arobaini. Walisema wao ni watalii, wanachama wa chama cha wanywaji bia, na kwamba wameleta vitu vya kuchezea kwa ajili ya watoto. Kumbe walikuwa mamluki.

Mamluki ni askari wa kukodiwa. Hapiganii nchi yake. Anapigania mshahara. Mkuu wa hawa aliitwa Mike Hoare. Huyo alikwisha kufanya kazi hiyo Kongo katika miaka ya 1964 na 1965. Safari hii walikuwa wamekuja kumwondoa René na kumrudisha Mancham. Chini ya vitu vya watoto, katika kila begi, mlikuwa na bunduki.

Walipita mbele ya forodha mmoja mmoja. Wengi walikwisha pita. Ndipo ofisa mmoja wa forodha, mtu wa kazi ya kawaida, akasema, hili begi lifunguliwe. Likafunguliwa. Bunduki ikaonekana.

Hapo mambo yakaharibika kwa mamluki. Walitoa silaha, wakauteka uwanja, wakapigana na askari wa Shelisheli. Mmoja wao alikufa, na ofisa mmoja kijana wa jeshi la Shelisheli akauawa. Usiku ndege ya abiria ya India ikatua pale, ikiwa safarini kwenda Bombay. Mamluki wengi wakaipanda kwa nguvu, wakamlazimisha rubani kuwapeleka Durban, Afrika Kusini. Wachache wakaachwa nyuma, wakakamatwa. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa mtumishi wa usalama wa serikali ya makaburu.

Makaburu walitaka kulimaliza jambo hilo kimya kimya, lakini dunia ikapiga kelele. Umoja wa Mataifa ulilaani uvamizi huo na kuunda tume ya kuuchunguza. Mwaka 1982 Hoare na wenzake walishtakiwa kwa kuteka ndege, na Hoare akahukumiwa kifungo cha miaka kumi. Miaka mingi baadaye, ubaguzi ulipokwisha, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilieleza kwamba watu wa jeshi la serikali ile ya makaburu walihusika na mpango huo.

Tunawauliza: nani aliizuia hila hiyo? Kabla ya bunduki kulia, aliyeizuia alikuwa mtu mmoja aliyesimama mbele ya meza na kuifanya kazi yake. Angesema, "Jioni imefika, pita tu," nchi ingechukuliwa usiku ule.

Mlinzi naye hulindwa na nani?

Baada ya shambulio hilo Tanzania iliongeza askari wake huko. Lakini hatari ya pili ilitoka ndani. Tarehe 17 Agosti 1982 askari wa Shelisheli wenyewe waliasi. Waliteka kituo cha redio, wakashika mateka, wakitangaza malalamiko yao juu ya namna wakubwa wao walivyowatendea. Uasi ulizimwa kwa muda wa siku mbili hivi, kwa msaada wa askari wa Tanzania. Watu walikufa.

Jambo hilo si geni kwetu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na jeshi lile lililorithiwa kwa mkoloni likavunjwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Bunduki ni kama moto wa jikoni. Bila moto hamli. Lakini moto usiotazamwa huunguza paa.

Askari wa Tanzania walirudi nyumbani katikati ya miaka ya 1980. Hilo nalo ni la kutiwa maanani. Rafiki anayekuja kukulinda, kisha akafunga virago akaondoka, ni rafiki. Akikaa siku zote, ipo siku atauliza chumba chake ni kipi.

Vyama vingi vilirudi, na Katiba mpya ikapatikana mwaka 1993. Mancham alikuwa amerudi kutoka uhamishoni mwaka 1992. Mwaka 2018 iliundwa tume ya ukweli na maridhiano ya kuyasikiliza maumivu ya watu tangu mapinduzi ya 1977, maana waliodhulumiwa walikuwa wengi. Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, mgombea wa upinzani alishinda uchaguzi wa rais, na madaraka yakabadilishwa kwa karatasi ya kura.

Shamba kubwa, walinzi wachache

Tulisema tutarudi baharini. Kuanzia mwaka 2009 maharamia kutoka Somalia walifika hadi bahari ya Shelisheli. Walikamata meli na wavuvi. Tarehe 30 Machi 2010 chombo cha walinzi wa pwani, Topaz, kilipambana nao na kuwaokoa mateka 27, Wairani na watu wa Shelisheli. Nchi ndogo iliomba msaada kwa wote, mataifa ya Ulaya, Marekani, India na China, bila ya kujifunga kwa mmoja. Hata mahakama zake ziliwahukumu maharamia waliokamatwa na meli za nchi nyingine.

Kisha likaja jambo la kisiwa cha Assumption. India ilitaka kujenga vituo vya kijeshi huko, na mwezi Januari 2018 serikali mbili zikatia sahihi mkataba. Lakini mkataba ule ulitoka nje. Watu wakausoma. Wakaanza kuulizana: Muda wake ni miaka mingapi? Meli za nani zitakuja? Wakubwa wakipigana, sisi tutakuwa wapi? Wakaandamana mjini Victoria. Wabunge wengi wakasema hawataupitisha, na mkataba haukuridhiwa. Hakuna risasi iliyolia. Watu walisoma, wakauliza, wakakataa.

Ndugu wanakisomo, hapo ndipo tulipotaka kufika. Hapa Lugoba tunalo jiwe, na magari ya kokoto yanapita kila siku. Tunayo ardhi, na barabara kuu inapita mbele yetu. Watu wakubwa watakuja na karatasi. Wengine watakuja na nia njema, na wengine watakuja na vitu vya watoto juu ya begi. Kijiji hakina mizinga ya kumzuia mtu, wala hakihitaji. Kina mkutano mkuu wa kijiji, kina sheria, na sasa kina watu wanaojua kusoma. Karatasi isisainiwe kabla haijasomwa mbele ya watu. Tarakimu zisomwe. Idadi ya miaka isomwe. Panapoandikwa "mengineyo", paulizwe ni mengine yepi.

Mwaka 1794 karatasi iliwaokoa watu wachache, kwa kuwa mmoja tu ndiye aliyeweza kuiandika, na wengi hawakuulizwa. Mwaka 2018 karatasi ilizuiwa na wengi, kwa kuwa wengi waliisoma. Maendeleo ya nchi ile ndogo yamo katika tofauti hiyo.



Maneno ya kujifunza

Kusalimu amri: kukubali kwamba umeshindwa, ukaacha kupigana.
Manowari: meli ya vita.
Mamluki: askari wa kukodiwa.
Forodha: mahali mizigo inayoingia nchini inapokaguliwa.
Kuridhia mkataba: kuukubali rasmi, baada ya kutiwa sahihi, ili uanze kufanya kazi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Je, Quinssy alifanya vema kusalimu amri? Nani walifaidika, na nani hawakufaidika?
2. Kwa nini wapagazi wengi wa Shelisheli walikufa katika nchi yetu? Waulizeni wazee wa kijiji kama walisikia habari za wapagazi wa hapa.
3. Ofisa wa forodha alifungua begi moja tu. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ndogo ambayo ikifanywa kwa uzembe italeta hasara kubwa?
4. Ni mkataba gani wa kijiji chenu ambao bado hamjausoma? Nani anao?